Picha Ndogo za Sura: Matatizo Yanayojirudia, Vyanzo Vyake na Namna ya Kuyashughulikia

Malalamiko ya watu wanaokusanya picha ndogo za sura, zile zilizochorwa kwa mkono huko Ulaya kati ya karne ya 16 na ya 19 ili zivaliwe shingoni, zitiwe mfukoni au zitunzwe kwenye kijaluba, ni yale yale kila mara: kioo kimelowa kwa ndani, kibamba cha pembe ya ndovu kimepinda, mashavu yamepauka, lesi nyeupe imegeuka nyeusi, au saini imeanza kutiliwa shaka baada ya pesa kutoka. Kinachojirudia zaidi ya malalamiko hayo ni hatua ambayo wengi huikimbilia kwanza, nayo ni kuchokonoa fremu kwa ncha ya kisu na kuipangusa picha kwa kitambaa chenye maji. Picha nyingi zilizoharibika haziharibiwi na umri bali na mikono ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo, kila tatizo hapa chini linaanza na mambo yanayoweza kuchunguzwa bila kufungua chochote, na msomaji ataona kwamba dawa aghalabu huwa katika hewa na mwanga wa chumba.

Kabla ya yote: picha imechorwa juu ya nini?

Dalili moja huwa na maana tofauti kulingana na kitu kilichobeba rangi, kwa hiyo anza hapo. Unahitaji lenzi ya kukuza mara 10 na tochi ndogo inayomulika kwa ubavuni.

Picha za kale zaidi, za wachoraji kama Nicholas Hilliard (aliyefariki 1619) na Samuel Cooper (aliyefariki 1672), zilichorwa juu ya ngozi nyembamba ya ndama iliyobandikwa kwenye kipande cha karata za kuchezea, na zikitolewa katika fremu zao baadhi huonekana bado zina kopa, uru au shupaza mgongoni. Uso wa ngozi hauna mng'ao wala mistari. Pembe ya ndovu ilianza kutumiwa karibu na mwaka 1700 na Rosalba Carriera wa Venice, kisha Bernard Lens akaanza kuitumia Uingereza mnamo 1707. Chini ya lenzi pembe huonyesha mistari myembamba inayokwenda sambamba, na mara nyingi mchoraji aliiacha wazi sehemu ya uso ili weupe wake ufanye kazi ya ngozi ya mtu. Aina ya tatu ni enameli, yaani rangi za kioo zilizochomwa tanuruni juu ya bamba la shaba, sanaa ambayo Jean Petitot (1607–1691) aliifikisha kileleni. Hii hung'aa kama kigae, na rangi zake hubaki mbichi kana kwamba zimepakwa jana.

Tarehe hizo zina faida ya papo hapo. Mtu akikuuzia picha ya bwana mwenye kola ya zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza na ikawa imechorwa juu ya pembe, basi hiyo ni nakala iliyofanywa baadaye, hata kama fremu yake ni ya kale.

Rangi zilizo juu ya ngozi na juu ya pembe ni rangi za maji zilizoshikwa na gundi ya mti wa mgunga, na gundi hiyo huyeyuka leo kama ilivyoyeyuka siku ilipochanganywa. Hilliard mwenyewe, katika maandishi yake ya karibu na mwaka 1600, aliwaonya wachoraji wavae hariri ili wasidondoshe vumbi, wajihadhari na mba za nywele, na wasizungumze wakiwa wameinamia kazi, kwa kuwa tone dogo la mate likiangukia uso wa picha haliponyeki. Mwenye picha leo hana budi kuanzia kwenye onyo hilo hilo.

Dalili ya kwanza: matone au utando ndani ya kioo

Chanzo cha kawaida zaidi ni umande tu. Picha iliyotoka chumba chenye baridi kikali ikaingia penye joto na unyevunyevu hutoa jasho kwa ndani, hasa pale muhuri wake unapokuwa umekatika. Wachoraji na sonara wao walikuwa wakifunga kioo na pembe pamoja kwa utepe mwembamba sana uliotengenezwa kwa utando wa utumbo wa ng'ombe, na utepe huo ukipasuka hewa ya chumba huingia na kutoka itakavyo. Iache picha mahali penye joto lisilobadilika, mbali na dirisha na kiyoyozi, kisha itazame tena kesho yake. Umande wa kweli huondoka na hauachi alama.

Chanzo cha pili ni kibaya zaidi, nacho ni ugonjwa wa kioo chenyewe. Vioo vingi vya zamani vilitengenezwa kwa mchanganyiko usio imara, wenye magadi mengi na chokaa kidogo, na unyevu wa hewa huyavuta magadi hayo hadi juu ya kioo. Kwa lenzi utaona vitone vidogo vinavyoteleza, visivyokauka hata hewa ikiwa kavu, au chembe nyeupe kama chumvi, au nyufa ndogo mno zinazofanya kioo kionekane kimefifia. Majimaji hayo ni makali. Yakidondokea rangi huiyeyusha, na yakigusa shaba ya fremu huacha kutu ya kijani pembezoni mwa picha.

Chanzo cha tatu hutokana na ukarabati wa zamani. Vioo vya asili vya karne ya 18 huwa vimebinuka kama ganda ili visiguse rangi, lakini kuna waliovunja kioo cha asili wakaweka kipande bapa, na sasa kioo kimelala juu ya picha.

Ukiona vitone visivyokauka, au ukiona sehemu inayong'aa kwa namna ya pekee kwa sababu rangi imegandamana na kioo, acha hapo hapo. Iweke picha ikitazama juu na usiigeuze, kisha mpigie fundi aliyesomea uhifadhi wa picha ndogo. Kioo kinachotoa majimaji hakisafishwi kikarudishwa, bali hubadilishwa, na cha zamani huhifadhiwa pembeni kama sehemu ya historia ya picha.

Dalili ya pili: pembe imepinda au imepata ufa

Hili ndilo tatizo linalohitaji subira kuliko yote. Kibamba cha pembe kwa kawaida hakifikii unene wa milimita moja, na kadiri karne ya 18 ilivyosonga ndivyo wachoraji walivyotaka kibamba chembamba zaidi ili mwanga upenye. Pembe hunywa unyevu na kuutoa kama ubao unavyofanya, lakini hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, ndiyo sababu ufa wake hufuata mistari ya pembe na mara nyingi hushuka kutoka juu hadi chini kwa unyoofu wa kushangaza.

Kiini cha kwanza, tena kwa mbali, ni hewa kavu au hewa inayobadilika-badilika: nyumba za London au Toronto zinazopashwa joto majira ya baridi, na nyumba za Muscat ambamo kiyoyozi hufanya kazi mchana na kuzimwa usiku. Nunua kipima unyevu, kiweke karibu kabisa na picha, na ukisome asubuhi na jioni kwa muda. Lengo ni unyevu wa asilimia 50 hadi 55, lakini kutobadilika ghafla kuna uzito kuliko namba yenyewe. Vipakiti vya silika vinavyotupwa ovyo ndani ya sanduku vinaweza kuikausha pembe kupita kiasi na kuleta ufa uliokuwa ukiukimbia.

Kiini cha pili ni gundi. Mara nyingi kibamba kilibandikwa chote juu ya kadi nene ili kipate nguvu na weupe, na kadi na pembe hazitanuki sawa, hivyo moja humvuta mwenzake mpaka kibamba kinabinuka kama kipande cha gome. Kiini cha tatu ni fremu iliyobana mno, isiyoacha nafasi ya pembe kupumua. Cha nne hupatikana katika picha kubwa za karne ya 19, kama zile za Andrew Robertson na Sir William Ross, ambazo nyingine zilichorwa juu ya vipande vipana vya pembe vilivyomenywa kwa kuizungusha pembe kwenye mashine, kisha vikanyooshwa na kubandikwa juu ya ubao. Kipande cha namna hiyo hakijasahau kwamba kilikuwa duara.

Mwenye picha anaweza kufanya mambo machache tu: kuiweka bapa ndani ya kisanduku kilichofungwa, kukihamishia chumba tulivu, na kungoja kwa majuma. Usiikandamize kwa vitabu, usiipitishie mvuke, na usijaribu kuubandua ule mgongo wa kadi, hata kama unaonekana umeachia wenyewe. Ikiwa ncha ya pembe iliyopinda imefika kwenye kioo, au ufa umeingia usoni na kandokando yake rangi imeinuka, kazi hiyo ni ya fundi. Binafsi naona ni heri kuwa na picha yenye ufa wa zamani uliotulia kuliko iliyojazwa na kupakwa upya mpaka nusu ya uso ikawa ya mtu mwingine, na wanunuzi wazoefu wengi huonekana kukubaliana na hilo wanapopandisha bei.

Dalili ya tatu: rangi za uso zimeondoka

Uso ukiwa mweupe kama karatasi, au ukiwa na vivuli vya buluu na kijivu visivyo na wekundu wowote, shuku mwanga kwanza. Wekundu wa mashavu ulitokana mara nyingi na rangi za wadudu au mimea, ambazo huchujuka, ilhali buluu iliyowekwa chini yake kwa ajili ya vivuli hubaki. Watu wengi waliochorwa na Hilliard wanaonekana leo kama waliotoka kuugua, na sehemu ya sababu ni hiyo. Makumbusho huwekea picha hizi mwanga usiozidi takribani luksi 50, nao hufunika au huzizima taa pasipokuwa na mtazamaji. Nyumbani inatosha kuzitunza kwenye droo na kuzitoa unapotaka kuzitazama. Wekundu uliochujuka haurudi, na yeyote anayeahidi kuurudisha anazungumzia kupaka rangi mpya.

Chanzo cha pili hukosewa mara kwa mara kwa sababu hakimo kwenye rangi. Baadhi ya wachoraji waliweka kipande cha karatasi ya fedha nyuma ya pembe, sawasawa na mahali pa uso, ili mwanga ukipenya urudi na kuipa sura uhai. Fedha hiyo ikiingia weusi, uso wote huonekana mchafu. Tazama kwa tochi ya ubavuni: ikiwa giza lina ukingo uliokatwa kwa mkasi na haliendani na mipaka ya mchoro, tatizo liko nyuma.

Dalili ya nne: nyeupe imekuwa nyeusi

Lesi, lulu na vimulimuli vya macho vilipakwa weupe wa risasi, nao ukikutana na hewa yenye salfa hugeuka kijivu na hatimaye mweusi. Hapo zamani moshi wa makaa na wa taa za gesi ndio uliofanya kazi hiyo, ila leo mhalifu ni mahali pa kuhifadhia: kitambaa cha sufu, sifongo, mpira, au baadhi ya rangi mpya za kabati. Hilliard alitumia pia fedha halisi kwa nyuzi, deraya na vito, akiing'arisha kwa jino la mnyama mdogo jamii ya cheche, na fedha hiyo karibu yote imekuwa nyeusi. Ondoa sufu na mpira, tumia karatasi isiyo na asidi na pamba ambayo haijatiwa rangi, halafu ishia hapo. Zipo kemikali zinazoweza kuurudisha weupe wa risasi, lakini matumizi yake juu ya rangi inayoyeyuka kwa mate si jambo la kujaribiwa mezani.

Dalili ya tano: madoa yenye manyoya, au rangi inabambuka

Gundi ya mgunga na sukari au asali iliyochanganywa nayo ni chakula cha kuvu, na unyevu ukizidi asilimia 65 kwa muda kuvu huota, hasa kwenye vivuli vizito vya nguo na nywele ambako gundi ni nyingi. Kuvu hai huwa laini na yenye manyoya chini ya lenzi, na iliyokufa huwa kavu kama vumbi. Itenge picha hiyo na zingine, ifunge kwa karatasi wala si kwa mfuko wa plastiki, na ishushie unyevu polepole. Usiipulize wala kuifuta kwa brashi, kwa kuwa utazisambaza mbegu zake na kuingia nazo mapafuni.

Rangi inayobambuka bila kuvu huwa na asili nyingine. Aghalabu ni gundi iliyokauka mno ikakatika. Nyakati nyingine ni chawa wa vitabu waliotafuna gundi na kuacha vijia vilivyopinda-pinda. Na mara chache ni kosa la mchoraji wa mwanzo: pembe ina mafuta, na ilipaswa kusuguliwa kwa unga wa jiwe pumisi na kuondolewa mafuta hayo kabla ya kupakwa, hivyo aliyefanya haraka aliacha rangi isiyo na pa kushika. Kwa vyovyote vile, vipande vya rangi vilivyolegea ndani ya fremu ni alama ya kutoisogeza picha zaidi ya lazima. Usiipeleke kwa posta.

Dalili ya sita: enameli imemeguka

Hapa vyanzo ni vichache: picha imeanguka, au fremu imepindishwa na bamba la shaba likapinda nayo. Pangusa vumbi tu kwa brashi laini mno. Kosa kubwa zaidi hutendeka kwa sonara anayeombwa kuunga pete ya kidani akatumia moto huku picha ikiwa ndani, au anayekitumbukiza kidani chote kwenye mashine ya kusafishia vito. Sonara asiguse fremu yoyote, ya enameli au ya pembe, kabla fundi mhifadhi hajaitoa picha.

Dalili ya saba: saini haiaminiki

Sababu ya kwanza ya shaka ni kwamba picha haikuchorwa kabisa. Itazame kwa lenzi sehemu ya shavu. Mchoraji aliyetumia nukta alizipiga kwa ncha ya brashi, moja kubwa, nyingine ndogo, zikifuata umbo la mfupa, ilhali nukta za chapa hujipanga kwa safu sawasawa na haziujali mfupa. Chapa au fotografia iliyopakwa rangi juu ni ya kawaida mno katika vitu vya mapambo vya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, vyenye sura za watu mashuhuri kama Napoleon au Marie Antoinette. Nyingi zimewekwa katika fremu za vipande vya pembe vyenye umbo la vibao vya piano, na kwa msomaji wa pwani yetu fremu hizo zina historia yake, kwa kuwa pembe nyingi zilizosafirishwa kutoka Unguja kwenda Connecticut, Marekani, zilikatwa vibao vya namna hiyo.

Sababu ya pili ni saini iliyoongezwa. Richard Cosway (1742–1821) hakuwa na desturi ya kutia saini usoni mwa picha. Alipoandika, aliandika nyuma kwa Kilatini, na tangu alipokuwa mchoraji wa Mwanamfalme wa Wales katika miaka ya 1780 alijitaja kwa cheo hicho. Jina lake likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa kandokando ya bega ni sababu ya kushuku. John Smart (1741–1811), kinyume chake, alitia herufi zake mbili na mwaka kwa uangalifu, na alipokuwa Madras kati ya 1785 na 1795 aliongeza herufi I kumaanisha India. Picha ya Smart yenye tarehe ya 1790 na isiyo na herufi hiyo inastahili maswali. George Engleheart alitunza daftari la malipo lenye picha 4,853 kuanzia 1775 hadi 1813, kwa hiyo ukiujua ukoo wa aliyechorwa kuna mahali pa kulinganisha.

Tatu, kibamba chenyewe kinaweza kuwa seluloidi. Hiyo haina mistari halisi ya pembe na huenda ikanuka kafuri. Taa ya miale ya urujuanimno husaidia kidogo, kwani pembe hutoa mwanga mweupe wenye buluu. Jaribio la sindano ya moto, ambalo bado linapendekezwa minadani, huacha tundu la kudumu na halikuambii lolote kuhusu mchoraji.

Dalili ya nane: picha imezuiwa forodhani

Tangu tembo wa Afrika waingizwe katika orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, mwaka 1989, kila kipande cha pembe kinachovuka mpaka huulizwa karatasi, hata kama kilichorwa miaka 200 iliyopita. Uingereza, kwa sheria ya pembe ya mwaka 2018 iliyoanza kutumika Juni 2022, huruhusu kuuza picha ndogo ya sura iliyotengenezwa kabla ya 1918 na isiyozidi sentimita za mraba 320, mradi isajiliwe kwanza. Nchini Marekani, majimbo kama New York na California yana masharti makali kuliko ya serikali kuu. Kenya na Tanzania zinahesabu kukutwa na pembe bila kibali kuwa kosa la jinai, kwa hiyo aliyerithi picha ya namna hii ughaibuni asiibebe kurudi nayo nyumbani kabla ya kupata ushauri wa wakili na wa mamlaka ya wanyamapori.

Picha za ngozi na za enameli haziguswi na masharti hayo ya pembe, ila vijaluba vyake huguswa mara nyingi, kwa kuwa vingi vilitengenezwa au kupambwa kwa magamba ya ng'amba, ambaye naye analindwa na mkataba huo huo. Kagua kijaluba kabla ya kujaza fomu.